Upande wa Nasimiyu

Katika Soko la Kenyatta, Nairobi, kichwa kimoja husukwa na wanawake wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia, na ukiona pande zote zimelingana ujue hao wawili wanapatana. Peres na Nasimiyu walipatana miaka mingi. Nasimiyu ndiye aliyempokea Peres alipotoka Siaya hajui hata kushika rasta, zile nywele za kusukia, akamfundisha, akamlisha, na kumkaripia ilipobidi. Peres alimpenda kama dada mkubwa, ingawa mdomo wake haukuwa mwepesi wa kusema hivyo.

Asubuhi moja ya mwaka 2007, katika kibanda cha mtu walimosukia wote wawili kwa ujira, kichwa kilikuwa cha Wangui, karani wa ofisi moja ya Westlands, ambaye dada yake alikuwa anaolewa kesho yake. Redio ikauliza wasikilizaji: je, serikali iwazuie watu wa kipato kidogo kuweka pesa katika mifuko ya uwekezaji yenye hatari? Simu zikamiminika. Mmoja akasema maskini alindwe. Mwingine akasema maskini halindwi kwa kufungiwa mlango, na kwamba matajiri wanataka kula peke yao. Huyo alimkuna Peres panapowasha. Wakala wa mfuko wa namna hiyo angekuja Ijumaa kuchukua akiba yake yote, ile ya kufungulia kibanda chake mwenyewe, na alikuwa ameahidi kwamba ingezaa upesi.

Wangui akasema mtu mzima aachwe aamue. Peres akaunga mkono kwa sauti. Nasimiyu, bila kuinua macho, akasema wazuiwe, tena leo kabla ya kesho.

"Kwani unataka nibaki kwa hii stuli kando yako mpaka nizeeke, Mama Sammy?" Peres alimuuliza Nasimiyu.

Nasimiyu akavuta fungu jingine la nywele. Jamani, kimya cha wasusi ni kibaya kuliko matusi, kwa sababu mikono haisimami. Huku Peres alisuka kwa hasira, nywele nyembamba za kubana. Kule Nasimiyu alisuka akili ikiwa mbali, nene na legevu. Siku zote mmoja hunyoosha shingo kuangalia kipimo cha mwenzake, lakini siku hiyo hakuna aliyenyoosha. Alasiri Wangui akaomba kioo, akajitazama, kisha akauliza kwa upole kama wanasuka watu wawili.

Ikabidi upande mmoja ufumuliwe, na Nasimiyu akasema uwe wake. Peres akahamia kumsaidia, maana harusi haingoji wanaonuniana. Wakafumua bega kwa bega hadi Wangui akasinzia.

Ndipo Nasimiyu akasema, kwa sauti ya kutomwamsha mteja, kwamba hakuacha kibanda chake mwaka uliopita kwa sababu ya mgongo, kama alivyotangazia soko zima. Rafiki wa kanisani alimletea habari za mfuko unaozaa upesi, naye akaweka kila kitu, hata kodi. Alipoenda kuulizia, ofisi ilikuwa imefungwa na bawabu hajui lolote. Peres akakumbuka jinsi alivyokuwa akiusugua kwa dawa mgongo ule usiouma, jioni baada ya jioni, na moyo ukamwuma kwa niaba yake.

"Lakini mimi si mtoto," alisema, safari hii polepole.

"Najua. Hata mimi sikuwa mtoto. Mtu angenifungia mlango siku ile, Peres, ningemtukana. Leo ningekuwa namwombea."

Peres hakubadili maoni kuhusu sheria. Mpaka leo atakwambia serikali isimchagulie. Lakini wakala alipokuja Ijumaa na viatu vyake vinavyong'aa, alimuuliza swali moja tu: pesa zikipotea, nimwone nani? Bwana yule akaeleza kwa kirefu kwamba bei hupanda na kushuka. Peres akampa chai, kisha akaagana naye kwa adabu bila kumpa hata senti.

Akiba ile ndiyo iliyokodi kibanda kidogo kando ya wachoma nyama, moshi ukiwa wa bure. Alipomwita Nasimiyu waingie wote kama washirika, mama wa watu akalia, kisha akaanza kutafuta visingizio. Biashara ni kubahatisha, akasema. Hata hiki chaweza kufa, na hapa hakuna serikali ya kuwazuia.

"Kikifa, najua wa kumwona," Peres akasema, akamvutia stuli ya upande wake.