Okidi ya Mama Kwenye Mkaa wa Malukhu

Enzi zetu mtoto alijitengenezea mpira mwenyewe kwa majani makavu ya mgomba, akacheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka magoti yakawa rangi ya barabara. Wangu leo wananiuliza chaja iko wapi. Mimi niliishia darasa la tano, lakini fika Nabuyonga ninapokaa sasa, uulize nyumba yenye okidi ni ya nani. Hata mtu wa boda atakuleta mpaka mlangoni.

Tulihamia Malukhu, hapa Mbale, baada ya vita ya sabini na tisa. Nyumba yetu ya Walukuba, kule Jinja, ilikombwa mpaka vitasa vya milango. Mama aliokoa vitu viwili: furushi la nguo na okidi ndogo aliyoachiwa zamani na mama mmoja wa Kihindi ambaye yeye alikuwa akimfulia nguo. Mmea wenyewe unaenea kwenye kikombe. Majani yana madoa kama ngozi ya chatu, na ua lina kifuko mbele, mfano wa kiatu cha mtoto mchanga.

"Usiumwagie moyoni," Mama alinifunza. "Mwagia miguuni, asubuhi, maji ya mvua. Na jua la mchana hapana. Wewe ungelipenda kichwani?"

Udongo aliukataa kabisa. Mizizi inataka hewa, ukiifukia inaoza. Kwa hiyo alipanda kwenye kopo la vipande vya mkaa. Mkaa! Wakati ambao sukari tuliijua kwa jina tu! Mama Zaituni, jirani yetu Mnubi, kila akipita na beseni lake la mandazi lazima arushe neno: "Mama Wafula, ua limeiva? Tulete sahani?"

Mama alicheka, lakini furushi hakulifungua. Baba alishapata kazi mjini, Mama bado anaisema Jinja kama mtu anayerudi kesho. "Likichanua hapa," alituambia, "nitajua hapa pananitaka. Kwa sasa mimi mgeni."

Hatimaye kitumba kikachomoza. Wiki hiyohiyo barabara ikafungwa, mkaa ukakosekana mji mzima, na dada yangu mdogo Nabwire akashikwa na surua. Chakula kikavu hakipiti, anataka uji. Kuni zimelowa. Mama akalitazama lile kopo. Akaung'oa mmea, akaifunga mizizi kwa gunia bichi, mkaa akauanika juu ya bati. Mama Zaituni safari hii hakutania. "Lete sigiri nikupulizie," alisema. Uji ukaiva, Nabwire akanywa, akaomba tena.

Hapo akili yangu ikafanya kazi, na sijisifu, ingawa ningeweza. Nilikimbia kwenye duka moja lililoungua, nikaokota vigae vya paa, nikavigonga vikawa vidogo kama punje za mahindi, nikaviosha.

"Mama, hivi navyo vinapitisha hewa."

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna."

Tukapanda. Kitumba kililegea, nikaona nimekwisha. Kisha kikainua shingo, na asubuhi moja ua likafunguka: la kijani kilichofifia, kifuko chake cha hudhurungi kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Majirani walimiminika. Mama Zaituni alivua ndala mlangoni kabla ya kusogea kulitazama. Mama aliingia chumbani, akafungua furushi, akatundika gauni lake la bluu msumarini.

Siku hizi varanda yangu imejaa, zote watoto na wajukuu wa ile moja. Kijana wangu aliua shina zuri kwa kulilisha mbolea ya kuku, eti aliona kwenye simu. Majirani nao huona maua yangu humohumo kwenye simu, wanatuma kidole gumba, basi. Ua moja la kwenye kopo lilituletea mtaa mzima ndani. Haya yangu yakichanua, naandaa vikombe vya wageni asubuhi, na chai inapoa nikiyatazama peke yangu.