Ukoko wa Coleta

Biashara ziliporuhusiwa na kila mwenye vijisenti akawa mfanyabiashara, Isdori naye alifungua mgahawa Mazwi, karibu na stendi. Huko Mbeya alikuwa ameona mgahawa wenye ubao mlangoni, chakula kimeelezwa kwa maneno matamu mpaka mtu anaingia hata kama ametoka kula. Akarudi na ubao wake na chaki, akamkabidhi mpishi wake, Coleta, kwa kuwa mama huyo alikuwa na mwandiko mzuri na ulimi usiolala.

Coleta hakuhitaji kusukumwa. Aliandika: "Mgebuka wa Kasanga, umekaangwa mpaka miiba imekubali yaishe." Chini yake: "Maharage ya Malangali, yamechemka bila haraka, na wewe usiwe nayo." Watu wa stendi walisimama kusoma, wakacheka, wakaingia. Isdori alijisifu mjini kote utadhani ameandika yeye.

Ila mstari wa mwisho ulimkera: "Ukoko wa ugali wa ulezi, umekwanguliwa ungali moto, umelainishwa kwa mchuzi wa maharage. Kwa anayeujua."

Jamani, nani anauza ukoko? Ukoko ni wa watoto wanaogombea sufuria jikoni. Kumwekea mgeni ukoko ni kumtukana. Isdori alimwambia aufute. Coleta akajibu kwa upole kwamba mstari huo ukifutwa, basi atafute mwandishi mwingine, na mpishi pia. Isdori akafyata mkia.

Ukweli ni kwamba mstari ule ulikuwa wa mtu mmoja tu. Loth, mume wa Coleta, aliupenda ukoko kuliko ugali wenyewe. Alikuwa akikaa jikoni na wanawake bila haya, akingoja sufuria ikwanguliwe. Mipaka ilipolegea alipakia magunia ya maharage, akavuka mpaka wa Kasesya kwenda Mbala, Zambia, akiahidi kurudi kabla ulezi haujavunwa. Ulezi ulivunwa, ukapandwa, ukavunwa tena na tena. Coleta alimtamani vibaya sana. Alimtamani hata kwa kasoro zake, hata kwa kuziba kwake njia pale jikoni. Na kwa kuwa madereva wa malori walikula kwake wakienda na kurudi Zambia, na midomo ya madereva haina forodha, aliamini siku moja maneno yale yatamfikia Loth, naye atajua kwamba anaitwa.

Kwa hiyo ukoko aliuandika, lakini hakumuuzia mtu. Kila alipoulizwa alisema umekwisha, na kila jioni aliufunika kwenye bakuli, asubuhi akawapa kuku. Maganga, dereva Msukuma, ndiye aliyeuulizia kuliko wote, na jibu lake lilikuwa hilohilo.

Mchana mmoja Maganga aliingia ametokea Mbala, ana habari ya kuchekesha. Kule, alisema, hulala kwa Mfipa mmoja aitwaye Loth, na safari hii alimsimulia ule ubao neno kwa neno.

Coleta akaweka mwiko chini. "Akasemaje?"

"Alicheka, dada, mpaka machozi. Halafu akaacha kula. Mkewe akamuuliza kuna nini, akasema hakuna, ni vyakula vya kwao tu."

Coleta aliuliza kama huko nako wanapika ulezi. Maganga akasema wanapika, na ukoko wa mwenye nyumba hukwanguliwa kila siku.

"Ila siku ile hakuula," akasema. "Alimpa mtoto wake."

Miaka yote ile Coleta alijifariji kwamba maneno bado yako njiani. Sasa yalikuwa yamefika, yamechekewa, na Loth amebaki pale alipokaa. Iliuma, na hakujifanya haiumi. Alijifuta macho kwa kanga mbele ya wateja. Kisha aliingia jikoni. Maganga alisikia sufuria ikikwanguliwa kwa muda mrefu, mpaka chini kabisa. Coleta akarudi na bakuli, mchuzi ukitoka mvuke, akaliweka mbele yake.

"Kula, kaka," alisema. "Leo upo."