Njahi Nne Ukingoni mwa Ungo

Watoto hawahesabiwi. Ndivyo tulivyolelewa kwetu, juu ya Karatina: ukiulizwa una wangapi, unasema wapo, basi. Ukiwataja kwa hesabu, unawaitia kifo.

Nilikuwa nimezika wavulana wawili, wote kwa kifua, na wa tatu alikuwa ameanza njia ile ile: masikio yanatoa usaha, homa, kifua, sindano, nafuu ya wiki mbili, kisha tena. Mama mkwe alisema ati siwafuniki. Mtoto mwenye sweta tatu mwilini, ati simfuniki. Dada yake hakuwahi kufunikwa hata nusu ya hivyo, na alikuwa mzima kama chuma.

Daktari mmoja pale Nyeri mjini aliniuliza nina ndugu wangapi wa kiume. Nikamwambia sina, kwetu tulizaliwa wasichana watupu.

"Mlizaliwa watupu, ama ndio mliobaki?"

Akanieleza kwamba iko kasoro ambayo mama huibeba bila kuugua, akamrithisha mwanawe wa kiume, na damu ya mtoto huyo ikashindwa kutengeneza kinga. Kama wajomba wa mtoto walikufa wadogo, angejua la kutafuta, amtume Nairobi akapimwe. Kama sijui, basi naye alikuwa anabahatisha tu.

Kesho yake nilitoka kwangu Skuta, mtoto mgongoni, nikaenda kwetu. Nilimkuta mama akichambua njahi, yale maharagwe meusi tunayompikia mwanamke aliyejifungua. Nikamuuliza kama aliwahi kuzaa wavulana. Akaendelea kuchambua. Nikauliza tena.

"Wewe, mtu hahesabu watoto."

"Mama, ukinyamaza huyu atakufa. Na mimi sitoki hapa."

Nikaketi. Mimi nikiketi nimeketi, hata marehemu baba alilijua hilo. Chai ilipoa, kuku wakaingia na kutoka. Mwishowe mama akachukua punje moja ya njahi akaiweka ukingoni mwa ungo. Akaweka ya pili. Ya tatu. Ya nne.

"Wote walikuwa wameanza kuketi," alisema. "Masikio, halafu kifua. Huyu wa mwisho alikuwa ameanza kuniita."

Nililia kwa hasira, wala si hasira juu yake. Miaka yote hiyo alikuwa amewabeba peke yake, na sisi tukijiita nyumba ya wasichana. Nilipomweleza maneno ya daktari, aliuliza polepole, "Kwa hivyo ni mimi niliwapatia?"

"Ulibeba bila kujua, mama. Hata mimi. Lakini sasa najua."

Nairobi walithibitisha. Tangu hapo, kila mwezi, nilimpeleka mtoto achomwe kinga iliyotolewa kwenye damu za watu wengine, sindano nene ya matako, naye alipojua kusema akawa ananitukana njia nzima hadi nyumbani. Nilimwacha atukane. Mama mkwe akaacha habari za sweta.

Binti yangu alipojifungua mvulana, nilifika wodini na sufuria ya njahi. Kaka yake, yule wa sweta tatu, alikuwa amesimama kando ya kitanda, kichwa karibu kiguse taa. Nesi akasema mtoto ni mzima, twende nyumbani. Nikamwambia amwite daktari kwanza. Alipokuja nikahesabu kwa sauti, wodi nzima ikisikia: wanne wa mama yangu, wawili wangu. Huyu mpimeni kabla hajaanza kuketi.