Kigingi Kilichoingia Ndani Hatua Mbili

Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka, na mzee mmoja amepiga magoti kwenye kona ya kaskazini ya uwanja. Anafunga kamba kwenye kigingi. Anaivuta, anaipiga kidole isikike kama inalia, kisha anainuka kwa kujishikilia kiuno. Pembeni yake ipo ndoo ya chokaa iliyokorogwa na kopo kuukuu lenye tundu chini.

Mashabiki wanamwita Chokaa. Ni mwaka wa thelathini na moja anachora mistari ya uwanja huu, na Jumapili atachora kwa mara ya mwisho. Jumatatu mashine zinaingia. Majukwaa yatavunjwa na hapohapo utajengwa uwanja mpya wenye viti vya rangi, maduka chini yake na zulia la nyasi bandia. Mistari ya zulia hushonewa kiwandani. Haihitaji kamba wala kopo, na mtu wa kulishika hilo kopo hahitajiki pia.

"Hakuna aliyeniita kuniambia," anamwambia mwandishi wa habari hizi. "Nilisoma kwenye ubao wa getini, kama mpita njia. Wakubwa wanajua kuandika, ila kusema na mtu ana kwa ana hawakufundishwa."

Mshahara wake haujapanda kwa miaka tisa. Viongozi waliobadilishana kiti katika muda huo ni wanne, na kila mmoja aliingia na gari jipya. Reki anayoitumia ni ileile, mpini ameufunga kwa waya mara tatu.

Wiki hii uwanja umejaa watu tangu asubuhi. Wanaaga. Katibu wa mashabiki amekuja na bisibisi, anafungua kiti alichokalia toka ujana wake. Mama mmoja ameegemeza shavu kwenye nguzo ya goli anapigwa picha. Mwanamume mwenye jezi iliyopauka anang'oa majani na kuyatia kwenye mfuko.

"Nampelekea baba, hawezi tena kutembea," anajitetea.

"Mpelekee. Lakini chukua ya pembeni. Hapo katikati nimepalilia juzi."

Yule bwana akiondoka, Chokaa anamtazama mpaka anapotokeza nje ya geti. Hafichi kinachomchoma.

"Wivu," anasema. "Wewe umelala na mgonjwa miaka yote, umemgeuza, umemwosha. Siku ya msiba wanakuja watu hujawahi kuwaona, wanalia kukuzidi wewe. Wakati wa ukame, nilipokuwa nabeba maji kwa toroli, huyu wa mfuko alikuwa wapi?"

Saa mbili kasoro anaingia mwanamume wa makamo mwenye koti jipya la bluu, nembo ya mradi kifuani. Ni shemeji yake, ndugu wa pekee wa marehemu mkewe. Miaka kumi na minane alikuwa akichana tiketi getini. Mwezi uliopita wakubwa walimpeleka mafunzo ya wiki mbili, akarudi na kazi: msimamizi wa zulia.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Koti linakubana, au ni mafunzo yamekunenepesha?"

"Walikuwa wanatulisha."

"Na hilo zulia lako, mnalinyoa na nini?"

"Halinyolewi. Linapigwa brashi."

"Kama meno."

Shemeji anacheka peke yake. Anaikanyaga kamba bila kukusudia, anaruka, anaomba radhi. Chokaa anaivuta upya. Tangu arudi mafunzoni mazungumzo yao ndiyo haya, yana chumvi kuliko sukari.

Kati yao kuna jambo zito kuliko koti. Marehemu alikuwa akiuita uwanja huu mke mwenzake. Mumewe akirudi jioni na matope, alimpokea kwa swali lilelile: "Mwenzangu kalala salama?" Majirani walicheka. Yeye hakucheka sana. Zamu zilimwendea mwenzake, yeye akabaki na nguo za kufua.

Jumamosi moja, miaka sita iliyopita, shemeji alikuja mbio kutoka hospitali akasimama kwenye mstari wa pembeni. "Njoo, dada anakuita," alisema. Chokaa alikuwa ameshika kopo, mechi ni saa kumi.

"Nikamwambia namalizia boksi la goli," anasema sasa, akiangalia mikono yake. "Nikamalizia. Likanyooka kweli. Nilipofika, kitanda walikuwa wameshakifunika."

Shemeji hajawahi kulitaja. Ndiyo maana ni vigumu kuwa naye.

Ukisimama kwenye kona ya kaskazini utaona ambacho kila shabiki anakijua. Mstari wa pembeni, upande wa jukwaa dogo, umepinda. Unaanza sawa upande wa kusini, lakini ukifika kona hii umeingia ndani hatua mbili. Winga wa wageni hukimbia na mpira akidhani yuko salama, akashtukia mwamuzi amenyoosha kibendera. Mashabiki huuita mstari huo mchezaji wa kumi na mbili. Timu yao imeokoka mabao yasiyo na hesabu kwa sababu yake, na mashabiki wote huamini ni kosa la mzee aliyepima vibaya siku yake ya kwanza kazini.

Mwezi uliopita mhandisi wa mradi alikuja na kifaa chake cha miguu mitatu, akachungulia, akacheka hadi akavua miwani.

"Mzee, nani alikufundisha kupima?"

"Njaa," Chokaa alijibu.

Mhandisi akaandika kwenye daftari kwamba mstari utanyooshwa. Hakuuliza kwa nini umepinda. Mtu aliyesoma sana huona aibu kumuuliza aliyesoma kidogo.

Kumbe si kosa. Mwaka wake wa kwanza alichora mstari ulionyooka kama unavyotakiwa. Asubuhi moja mkewe alimletea chai, akakatiza kwenye kona, ndala ikanasa. Akasimama pale na mguu mmoja mtupu, akasema: "Hapa kuna mtu anasukuma kutoka chini." Wakachimba wote wawili. Hata kiwiko hakikuzama, maji yakatokeza, baridi na safi. Ni chemchemi. Haikauki, na mvua zikianza hupanda mpaka juu.

Chokaa alikwenda kumwambia mwenyekiti wa wakati huo. Jibu alilopata ni maneno matatu: "Wewe kata nyasi." Basi akang'oa kigingi, akakiingiza ndani hatua mbili mpaka penye udongo mkavu, akanyamaza. Waliojua walikuwa wawili. Amebaki mmoja.

Kwenye michoro mipya, zulia linapita juu kabisa ya chemchemi hiyo.

"Nilipoona michoro, nilifurahi," anakiri. "Nikasema, watandike. Mvua ya kwanza litavimba kama mandazi, nami nitasimama getini nile karanga. Wameniibia mke, basi na wao waoe maji."

Siri hiyo ameilalia wiki tano. Kilichomgeuza ni koti. Juzi alimwona shemeji nje ya ofisi, akijifuta nembo kifuani kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Kwa hiyo akapiga hesabu yake.

"Zulia likioza, watamfukuza nani? Mhandisi? Mwenyekiti? Watamfukuza msimamizi wa zulia. Wakubwa siku zote huangukia aliye chini yao, ili wao wasiumie. Na huyu ndiye aliyebaki wa mke wangu. Ana pua yake."

Saa tatu jua limekamata uwanja. Anamwita shemeji, ambaye alikuwa ameshafika getini.

"Vua viatu uje hapa."

Shemeji anavua, anakuja, anasimama nje ya kigingi. Anahamisha mguu, kisha anatazama chini.

"Mbona panabonyea?"

"Dada yako ndiye aliyepagundua. Chimba."

Wanachimba kwa mikono, koti jipya likiloa mpaka viwikoni. Maji yanapotokeza, shemeji anayakinga kwa viganja. Kisha anasema, "Siku ile alikuwa anataka kuuliza kama mwenzake kalala salama. Ndicho alichoniagiza."

Chokaa anageukia upande wa ndoo, anakoroga chokaa ambayo ilikwisha kukorogeka.

"Mimi hawatanisikiliza, na shemeji pengine wasimsikilize," anasema baadaye. "Gazeti wanasoma, wakitafuta picha zao. Kwa hiyo andika: kona ya kaskazini, hatua mbili, maji. Na andika aliyeyaona ni mke wangu."

Mpango wake ni mmoja. Uwanja mpya ukifunguliwa atakata tiketi kama watu wote, aketi kona hiyo, aangalie kigingi cha bendera kimewekwa wapi.

Na wivu je?

"Nitakwenda nao," anasema, na kuinama kuivuta kamba. "Ila angalau utakaa pakavu."