Laptopu Iliyomkaribisha Kaka

Hata leo nikimwona mtu amechukua kompyuta ya mwenzake akisema "ngoja nikusaidie kuweka vitu", damu inanichemka. Kusaidia gani? Mimi nilishasaidiwa hivyo, asante, na sitaki tena.

Ilikuwa Juba, miaka ile ya amani kabla ya kura ya kujitenga na Sudan, wakati tulipokuwa tukirudi kutoka Kenya kwa mabasi, kila mtu na godoro lake. Nilirudi na cheti cha kompyuta nilichosomea Kitale, lakini kazi niliyopata ilikuwa ya sufuria. Nilipika maharagwe na chapati Nesitu, pale malori yanayotoka mpakani Nimule yanaposimama, mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi. Dereva mmoja mwaminifu, mteja wangu, ndiye aliyeninunulia laptopu Kampala kwa pesa zangu, akaniletea kwenye kichwa cha lori ikiwa bado na karatasi zake. Jasho langu, moshi wangu. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu kuna watu walilisahau upesi sana.

Kisha ofisi moja ikanipigia simu. Walitaka karani wa mishahara. Njoo wiki ijayo, wakasema, kuna mtihani wa Excel. Excel nilikuwa nimeisoma, lakini ilikuwa zamani, na vidole vilishazoea mwiko. Nilihitaji mazoezi. Kwa hiyo nilijua vizuri kabisa ninachotaka kwenye mashine yangu: Word ya barua, Excel ya hesabu, na antivirus, maana Juba ile kila fleshi uliyopewa ilikuja na wadudu wake kama blanketi la lojingi. Basi. Hata wimbo mmoja sikutaka.

Kaka yangu mkubwa, ambaye mimi na mama tulikuwa tukiishi kwake Gudele, akaukamata mfuko wa laptopu. "Wewe mwanamke ukienda kwa fundi peke yako utaibiwa. Acha niende mimi."

Nikamtajia vitu vitatu. Nikarudia. Akasema, "Kwani mimi ni mtoto?" Mama naye akaniambia, "Maalesh, si neno, mwanangu, mwachie. Ndiye baba yenu sasa." Nikamwachia.

Alirudi akipiga mluzi. Akawasha jenereta, akaita majirani, akafungua laptopu. Jameni! Mpira wa kuchezwa kwa vidole. Mashindano ya magari. Programu tatu za kuangalia filamu, tatu, kana kwamba mtu ana macho sita. Programu ya kuchanganya nyimbo kama ma-DJ. Na filamu zenyewe, za vita, kama vile vita vyetu havikututosha.

"Excel iko wapi?"

"Fundi alisema nafasi imejaa. Na hiyo ni ya watu wa ofisi."

"Na mimi naenda kufanyia mazoezi ya mtihani wapi? Kanisani?"

Akacheka. Eti nikipata kazi, ofisi itanipa kompyuta yenye hiyo Excel.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Asubuhi nilipoiwasha mwenyewe, ilimkaribisha kaka. Jina lake lote, pamoja na la babu, katikati ya skrini. Na chini yake ikadai neno la siri. Laptopu yangu! Niliyoipikia maharagwe! Nikamfuata kaka nje, anapiga mswaki, nikamwomba hilo neno. Akatema povu, akasema, "Ukitaka kuifungua, niite."

Niite. Kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Sikumwita. Niliibeba laptopu nikapanda basi hadi Hai Cinema, kwa yule fundi, Mganda mmoja mpole aliyekuwa na kiduka kati ya saluni na mama wa chapati. Nikamweleza yote. Akasikiliza, akajifuta mikono, akasema, "Sasa dada, mimi iko naogopa. Mwenye kompyuta ni ule mzee alileta. Yeye lazima aseme."

"Mwenye kompyuta ni mimi."

"Lakini jina iko ya mzee."

"Si wewe uliyeliandika?"

"Yeye alisema naandika."

Nilitaka kulia, na mimi nikikaribia kulia hupandisha sauti. Nikamwuliza: ukimtuma ndugu yako akununulie kufuli la duka lako, kufuli likifika, duka linakuwa lake? Mama wa chapati akaacha kusukuma. Wanawake wa saluni wakatoka na nywele nusu. Nikamwambia nina mtihani, nikishindwa narudi kwenye moshi, na kabla sijarudi nitasimama hapa mlangoni niwaambie wateja wote kwamba wewe hutengeneza kompyuta za wanaume tu.

Fundi akawaangalia watu, akaniangalia mimi. "Haya, leta. Tunafuta nini?"

"Kila kitu."

"Hata mpira?"

"Mpira kwanza."

Tukaanza upya, nami nimekaa kwenye kigoda chake nikisoma kila swali linalotokea. Word. Excel. Antivirus. Fundi akauliza kama ninataka na kamusi, nikakubali, kwa sababu aliniuliza. Mashine ilipotaka jina la mwenyewe, nikamsogeza pembeni nikaandika kwa mkono wangu. Neno la siri sikumwambia mtu, hata mama.

Kaka alipokuta mpira umefutwa, Gudele nzima ilisikia kwamba sina shukrani. Shukrani ya nini? Nilifanya mazoezi mpaka betri ikafa, nikachaji, nikafanya tena. Kazi nikaipata.

Ungedhani yameisha. Yangeisha, kama asingetokea mtu wa kuniposa.

Wazee wa upande wake walikuja wakaketi kwenye rakuba yetu, kile kibanda cha nyasi cha kupokelea wageni. Kwetu mahari ni ng'ombe, na msemaji wetu alikuwa kaka. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, tukisikia kila neno kupitia mabati. Akaanza. Huyu msichana si wa hivi hivi. Tumemsomesha. Muongo! Aliyenisomesha ni mama, kwa kufulia watu nguo Kitale. "Na kompyuta tulimnunulia sisi," akaendelea, "na programu zote nilimchagulia mimi mwenyewe. Hayo nayo yana ng'ombe wake."

Mama akanishika gauni. Nikajichomoa. Msichana anayeposwa hajitokezi wakati ule, nilijua. Nikaichukua laptopu kitandani, nikatoka, nikapiga magoti kwa heshima zote, nikaiweka mezani katikati ya soda na kuiwasha. Ikaleta jina langu. Ikadai neno la siri.

"Kaka," nikasema, "wageni wangependa kuziona hizo programu ulizonichagulia. Wafungulie."

Aliinua vidole juu ya herufi, akaviacha hapo hapo. Kisha akauliza kama kila mtu amepata soda. Mzee mmoja wa wageni, kwenye kiti cha plastiki cha mwisho, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Kalas, yametosha." Wakaendelea na mambo mengine, na ng'ombe wa kompyuta hawakutajwa tena.