Redio yangu ilisubiri salamu ziishe

Leo darasa zima limeicheka redio yangu, na bado nina furaha mpaka sasa.

Klabu yetu ya sayansi hapa Geita inaandaa maabara ya redio itakayotumiwa na shule tatu kwa pamoja.
Sharti ni moja: redio isikilize kwanza. Ikikuta mtu anaongea kwenye masafa hayo, isubiri.
Programu niliandika mimi.

Leo mgeni kutoka chuoni amekuja kuamua kama vifaa vibaki kwetu.
Nikabonyeza kitufe cha kutuma ujumbe.
Kimya. Dakika nzima!

"Hata redio yake ina aibu kama yeye," akasema Kulwa wa darasani kwetu, wote wakacheka.
Nikajifanya nakagua waya.

Mgeni akavaa spika za masikioni, akaanza kucheka. Akatuwekea sauti tusikie.
Ni mlinzi wetu wa getini, Mzee Masanja, anamsalimia mlinzi mwenzake kwa redio koli:
"Mwangaluka! Watoto wazima? Ng'ombe je? Na yule ndama?"

Alipomaliza tu, redio yangu ikatuma: SHIKAMOO.
Redio ya pili, tuliyoiweka mwisho wa darasa, ikajibu: MARAHABA.

"Vifaa vinabaki," akasema mgeni.

Mimi, ambaye hata kuitika jina asubuhi huwa nanong'ona, nikapiga kigelegele.

Kulwa, najua unasoma. Ongea tu, tunasubiri umalize 😂