Jua la Baba

Baba yangu ni fundi umeme hapa Mwanza, na jua lake mwenyewe analo. Ni sanduku la mbao lenye taa nne kali, zile za wapiga video wa harusi. Alilitengeneza baada ya kuchoshwa na mawingu ya masika. Mteja akileta paneli ya sola siku ya mvua, baba huilaza chini ya taa hizo, huunganisha waya na kutazama mshale wa mita. Ukipita alama aliyochora kwa rangi ya kucha ya mama, paneli ni nzima. Usipofika, imekufa.

Ila hakuwa na haraka. Mgeni haulizwi shida kabla hajaketi, alisema, basi na paneli iliachwa iote joto la taa kwanza mpaka yeye amalize chai. Na baba hunywa chai kama anaitafuna. Paneli alizozikataa tuliezekea banda la kuku.

Masika yaliyopita bibi, mama yake baba, alivuka kwa kivuko cha Kamanga akitokea Sengerema, na paneli yake kaifunga kwenye shuka. Babu aliinunua mwaka wake wa mwisho, akaipandisha juu ya bati mwenyewe huku sote tukimkataza. Sasa taa za kule Sengerema zilikuwa hafifu, na bibi alitaka kujua jambo moja tu: bado ni nzima, au nayo imekwenda?

Baba akailaza, akanywa chai, akaunganisha waya. Mshale ukaishia chini ya alama.

"Imekufa, mama. Nitakupa mpya."

"Sitaki mpya."

Nilimwonea huruma. Alisogea kuiaga, akaigusa, akarudisha mkono haraka.

"Mbona ina homa hii?"

Akavua khanga ya juu, akailowesha kwenye ndoo ya maji ya mvua, akaipenyeza chini, mgongoni mwa paneli, kama alivyotufanyia sote utotoni. Nilitaka kucheka. Kisha nikaona mshale unapanda.

"Baba, tazama!"

Ulipita alama. Baba akaitoa khanga, mshale ukashuka taratibu. Akairudisha, ukapanda tena. Kumbe paneli ikipata moto sana hupungua nguvu, na miaka yote hiyo yeye alikuwa akizipima zikiwa hoi. Basi kilichochoka kwa bibi kilikuwa betri inayotunza umeme wa taa zake. Nilichungulia banda la kuku dirishani, nikaanza kuzihesabu paneli za paani.

Baba si mtu wa kuomba radhi. Alizima taa moja moja, akaipangusa paneli kwa shati lake, kisha akainama, mkono juu ya kioo, akaiamkia.

"Shikamoo, baba."

Bibi alikuwa akikamua khanga yake.

"Marahaba," akaitikia, bila kugeuka.